Mara Mbili, ya Tatu Haipo

Mdogo wangu wa kike akishuka kwenye ndege, watu humtazama kana kwamba ameshuka na mvua mkononi. Wanaume wazima humpisha njia. Watoto humwita "Rubani! Rubani!" naye huwapungia mkono, miwani myeusi usoni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mimi nikimwona hukumbuka kwamba huyo huyo nilimfundisha kupenga makamasi.

Nyumbani tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Na aliufunga kwelikweli. Mama alitokwa damu siku ya kumzaa, ikatoka tu, na ilipokoma mama hakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Kesho yake nikapewa mtoto mgongoni na mwiko mkononi, na habari ya shule ikaishia hapo. Baba hakunikataza kwa ukali. Alisema tu, "Kaa na mwenzio kidogo, mama, akikua nitakupeleka." Kitinda akakua, akapelekwa yeye. Nilimfunga kamba za viatu mlangoni, nikarudi jikoni.

Baba alipokaribia kufa aliiandika nyumba kwa jina la Kitinda, ati yeye ndiye anayejua mambo ya karatasi. Mimi nilikuwa naishi humo na binti yangu. Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta maisha, akayapata kwa mwanamke mwingine. Basi siku moja naanika nguo uani, akaingia bwana mmoja na futi kamba, akaanza kupima chumba changu cha kulala.

Nikamuuliza, "Unapima nini, baba, jeneza?"

Akaona haya. "Samahani, mama. Nyumba hii nimeinunua. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Kitinda alikuwa ameiuza ili amalizie masomo ya urubani. Alipopata kazi alinitumia viatu, vizuri, vya ngozi laini, lakini vidogo. Mtu niliyemlea mgongoni hakujua hata mguu wangu.

Nimeyatanguliza haya ili mtu asije akadhani namsifu kwa kuwa ni damu yangu, au namponda kwa kuwa nimeumizwa. Namjua. Ninayotaka kusimulia ni ya siku moja tu, lakini ukiijua siku hiyo umemjua mtu mzima.

Baada ya nyumba kuuzwa nilipata kazi ya udobi kwenye zahanati ya mji wetu, na chumba nyuma yake. Miaka ikapita. Kisha Kitinda akapangiwa kurusha kindege kidogo kinacholeta dawa, barua na walimu huku kwetu. Kiwanja chenyewe kiko ng'ambo ya uzio wa zahanati: barabara ya changarawe, kibanda kimoja cha bati, na mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Mtunza kiwanja ni mzee mmoja ambaye kwa ajili ya kitambaa hicho watu wanamwita Bendera. Kitinda akitua, nami nikiwa kwenye kamba zangu za kuanikia, tulikuwa tunaonana juu ya uzio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Basi. Mazungumzo yetu ya miaka mingi yalikuwa hayo.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa mvua kubwa. Mto ulikuwa umeondoka na daraja. Binti yangu, mimba yake ya kwanza, alikuwa amelazwa zahanati kwa sababu ya damu zilizokuwa zinakuja na kuacha. Asubuhi ile zikaja zisiache. Mimi nafua mashuka ya pale, shuka la mzazi nalijua. Nesi alinipa la kwanza nikalilowesha. Aliponipa la pili sikulilowesha. Nililiweka chini nikaingia ndani.

Nesi ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye utani na kila mtu. Siku hiyo hakuwa na utani. Akanivuta pembeni ya mlango.

"Mama, kondo limekaa mbele ya mtoto, limeziba njia. Hapa hakuna kusukuma. Anatakiwa apasuliwe, na mimi sina daktari wala damu ya kumwongezea."

"Basi litafutwe gari."

"Gari lipite wapi, mama yangu? Lipae?"

Lilimtoka tu neno hilo. Tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tumekisikia kile kindege kikitua alfajiri.

Nilivuka uzio kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kitinda alikuwa kibandani, simu sikioni, ramani mezani, Bendera amekaa juu ya gunia la barua anakunywa chai. Aliponiona mikono ilivyo na damu, simu ikashuka yenyewe.

"Nani?"

"Mwanao."

Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao, na nililisema kwa makusudi, ili limchome. Likamchoma. Nilimweleza aliyosema Nesi. Alitoka mbio akaanza kung'oa viti vya nyuma vya ndege, Bendera akivipokea na kuvirundika kwenye majani.

"Mleteni na machela," akasema. "Mlazeni kwenye kivuli cha bawa. Nesi aje naye."

Nikajua tunaondoka. Tukambeba. Binti alikuwa na midomo mikavu, lakini alimwona, akajaribu kutabasamu. "Shikamoo, mama mdogo. Leo umepata abiria."

"Marahaba, mwanangu. Usiongee. Tunza pumzi."

Kisha Kitinda akarudi kibandani, akachukua tena simu, akakaa.

Nilisubiri. Nikatazama ndege, nikamtazama yeye. Nikaingia.

"Mbona umekaa?"

"Mjini kuna dhoruba, dada. Imekaa juu ya kiwanja. Nikiruka sasa nitaikuta usoni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunasubiri isogee. Mtu wa hali ya hewa anasema inakwenda magharibi. Haitachukua muda mrefu."

"Hapa jua linawaka."

"Hatutui hapa."

Nikakitoa kitu nilichokuwa nimekikalia tangu siku ya futi kamba. "Ulipouza nyumba hukusubiri," nikasema. "Siku hiyo hukupiga simu kuuliza kwanza kama kuna dhoruba. Leo mwanangu anakwisha chini ya bawa lako, wewe unapiga simu. Mama alikwisha hivi hivi. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona."

Bendera akakohoa, akasema anakwenda kuangalia kitambaa chake mlingotini, ambacho kilikuwa kinaonekana vizuri tu dirishani.

Kitinda alikuwa mweupe midomoni. Akapiga simu nyingine, na nyingine. Alimwuliza mtu wa hali ya hewa mawingu yako juu kiasi gani, na yule akamwambia. Akauliza nyuma ya dhoruba kuna nini, hapo akasikiliza kwa muda mrefu, akiandika kwenye kiganja cha mkono wake. Alipoweka simu chini akachukua rula akailaza mezani, na juu yake akaweka penseli, ikaikata katikati.

"Njoo uone," akaniambia. "Ni haki yako uone. Rula ni barabara ya mjini, inatoka mashariki kwenda magharibi. Dhoruba ikipita itaacha upepo, nao utatoka kusini. Huu hapa, penseli. Upepo ukinijia mbele ni rafiki, unaniegemeza nishuke taratibu. Huu utanijia ubavuni. Unaisukuma ndege nje ya barabara wakati ndiyo kwanza inataka kugusa chini."

"Na wewe hujui kutua na upepo wa ubavuni?"

"Najua. Lakini kila ndege ina kikomo chake, na mimi nina kikomo changu, cha chini kuliko cha ndege. Wanasema upepo utakuwa chini yake kidogo tu. Kidogo sana." Akasogeza kidole kwenye ramani. "Hapa kuna kiwanda cha saruji. Wana barabara yao ya ndege, nayo inakwenda kaskazini na kusini. Upepo huohuo, pale utakuwa karibu usoni kwangu."

"Basi twende huko."

"Kutoka pale hadi hospitali ni karibu saa nzima kwa gari. Kiwanja cha mjini kinatazamana na geti la hospitali." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nesi anasema saa nzima ni nyingi. Kwa hiyo tunajaribu mjini kwanza. Gari la wagonjwa moja litasimama mjini, na nimewaomba watu wa kiwandani watoe lao, lisimame pale na injini inawaka. Kama halitahitajika, watanitukana, basi."

Nilisimama naye mezani, nimejaa hasira mpaka masikio yanapiga kelele, na bado niliona kwamba hakuwa amekaa bure.

Mafuta yalijazwa. Alisema: ya kufika, ya kujaribu, ya kwenda kiwandani, na ya kuzunguka kama kiwandani kuna ng'ombe barabarani. Kwa kuwa mafuta ni mzigo, barua zote zilibaki. Mimi nikasema nakwenda. Akahesabu uzito wetu kimoyomoyo, akamtazama Nesi juu mpaka chini.

"Usinitazame hivyo," Nesi akasema. "Mwili huu nimeupata kazini."

"Panda tu. Dada, wewe kaa mbele na mimi. Pembeni ya machela nafasi ni ya mtu mmoja."

Simu ikalia. Dhoruba imesogea. Kitinda akasimama, akaenda kwa Bendera kwenye mlingoti, kisha katikati ya njia akasita, akanirudia mimi.

Baadaye Bendera alinieleza mwenyewe: Kitinda ana desturi yake. Kila siku yenye upepo, kabla ya kuruka, husema kikomo chake kwa sauti mbele ya mtu. "Bwana Bendera, leo mara mbili," humwambia. Naye humjibu, "Nimesikia, Kapteni. Ya tatu naenda nayo nyumbani." Wanacheka, anaruka. Lakini siku hiyo alitaka mtu wa kumkumbusha kule juu, na Bendera alikuwa anabaki chini.

"Dada," akasema, "nisikilize vizuri. Nitajaribu kutua mjini mara mbili. Ya tatu haipo. Zikishindikana mbili tunakwenda kiwandani, hakuna kubishana. Na nikitaka kujaribu ya tatu, wewe unikumbushe."

"Mimi? Mimi najua nini cha ndege?"

"Hutakiwi kujua cha ndege. Hapa chini nina akili tu. Kule juu nitakuwa na akili na kiherehere, na vikigombana sijui kipi kitashinda. Ndiyo maana nalisema sasa. Sema umesikia."

"Nimesikia," nikasema, kwa sauti ya mtu anayemwitikia mtoto ili aende zake.

Tukaruka. Sitaeleza mengi ya kuruka. Nilifumba macho, nilipofumbua mji wetu ulikuwa mdogo kama vipande vya sabuni vilivyomwagwa. Alinivika visikizio masikioni ili tusikilizane, kwa kuwa ngurumo ya injini hairuhusu. Nyuma Nesi hakuwa navyo, tulikubaliana atanigusa bega: mara moja maana yake salama, akinifinya maana yake mambo yamebadilika.

Njiani ndege ilikuwa inatupwatupwa. Mawingu ya dhoruba tuliyaona upande wa kulia, meusi, yanaondoka kama watu waliofumaniwa. Kitinda aliyatazama mara moja tu, akarudi kwenye saa za vipimo mbele yake. Alikuwa anaimba kwa chini. Wimbo wa kubembelezea, ule niliokuwa nikimwimbia yeye. Sidhani kama alijua anaimba nini.

Nesi akanifinya bega.

Niligeuka. Alikuwa ameweka mkono wake chini ya shuka, na alipoutoa hakuwa na haja ya kusema kitu. Binti alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inatikisika, anasali au anahisi baridi.

"Ongeza mwendo," nikamwambia Kitinda.

"Huu ndio mwendo."

Kisha nikauona mji, na kiwanja, na ng'ambo ya barabara paa refu la hospitali. Nililiona vizuri. Niliona hata gari jeupe limesimama kwenye ukingo wa kiwanja, taa yake inazunguka. Mtu wa mnara wa kuongozea ndege akamwambia Kitinda upepo, namba ambazo kwangu hazikuwa na maana, ila niliona alivyomeza mate. Akajibu, "Nimekupata. Natua."

Tukaanza kushuka, na hapo nikadhani mdogo wangu amerukwa na akili. Barabara ilikuwa upande wangu wa dirishani. Pua ya ndege ilikuwa inatazama mashambani.

"Barabara iko huku!" nikapiga kelele. "Wewe unaelekea kule!"

"Acha, dada."

"Kitinda, barabara iko huku!"

"Umewahi kuona mbwa anavyokimbia barabarani? Kichwa huku, kiwiliwili kule, na bado anakwenda mbele? Naielekeza pua kwenye upepo ili upepo usituchukue. Karibu na chini nitainyoosha. Sasa nyamaza, tafadhali."

Niliona kweli kwamba ingawa tulitazama mashambani, tulikuwa tunaiendea barabara. Ardhi ikapanda. Nyasi zilikuwa zimelala chini zote upande mmoja. Kitambaa chao mlingotini kilikuwa kimenyooka kama mkono wa mtu anayeonyesha mwizi. Kitinda akakanyaga kwa mguu, pua ikageuka ikanyooka na barabara, bawa la upande wa upepo akalilaza chini. Kwa pumzi moja tulikuwa sawasawa, nikaona mstari mweupe katikati.

Ndipo upepo ukaongezeka ghafla. Ulitusukuma kama mtu anavyosukuma mlango. Mstari mweupe ukaenda upande, nikaona nyasi chini yangu, nikaona taa za pembeni zinakuja. Injini ikalia kwa nguvu zote, tukapanda. Hospitali ikapita chini yetu, nikaona mashuka yameanikwa nyuma yake.

"Moja," Kitinda akasema, kama anayehesabu vikombe. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Tulizunguka. Mtu wa mnara akasema upepo unapanda na kushuka. Kitinda akasema anajaribu tena. Safari hii alikuja na mwendo zaidi kidogo, na bawa amelilaza mapema. Tukashuka, tukashuka, nikasikia gurudumu moja likigusa, *kri*, upande wa upepo. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Lile la pili lilikuwa bado liko hewani, linatafuta chini, na kabla halijapata tukanyanyuliwa. Sijui ni kitu gani kilitunyanyua. Ndege nzima ilisogea pembeni kama sinia juu ya sabuni. Nyuma Nesi akaita jina la Mungu. Injini ikalia tena. Tukapanda, na watu waliokuwa kando ya lile gari wakawa wanatutazama na vichwa vimeinuka.

Hakusema "mbili."

Alianza kugeuza kushoto, kule kule tulikozungukia mara ya kwanza. Nesi akanifinya bega, akanifinya tena, hakuachia. Nikasikia sauti ya mdogo wangu masikioni, ya haraka, nyembamba.

"Nimeujua sasa. Unapungua ukifika kwenye lile jengo, kisha unarudi. Nimeuzoea. Safari hii nashuka."

Sauti ile niliijua. Nimeilea. Ndiyo aliyokuwa akiniombea kupanda ukuta wa uani, *mara moja tu, dada, hii tu, naweza*.

Nataka nieleweke hapa. Hakuna mtu duniani aliyetaka ndege ile ishuke pale kuliko mimi. Paa la hospitali lilikuwa chini yangu, ningeweza kulitemea mate. Ningenyamaza tu, angejaribu. Hakuna ambaye angenilaumu: mimi ni dobi, sijui cha ndege. Na kama angeshindwa, kusingekuwa na mtu wa kulaumiwa wala wa kulaumu. Na wala sijui mpaka leo kama ya tatu ingekubali. Pengine ingekubali.

"Umesema mbili," nikasema.

"Dada, huoni hospitali? Ile pale!"

"Naiona."

"Kiwandani ni mbali kwake. Nesi amesema. Ni mwanangu yule!"

"Umesema mbili, ukasema ya tatu haipo, ukasema nikukumbushe. Nakukumbusha. Geuza."

"Ngoja, nitazame tu upepo—"

"Kitinda!" Nilimwita kama nilivyokuwa nikimwita akiwa amekaribia moto. "Nimeshamwona mama anakwisha. Usinifanye nikuone na wewe na mwanangu kwa mpigo mmoja. Geuza!"

Ndege ikaendelea kwenda kushoto, muda ambao ulikuwa mfupi na mimi naukumbuka mrefu. Kisha bawa likanyanyuka, likalala upande wa pili. Paa la hospitali likarudi nyuma.

"Mnara, naondoka," akasema. "Nakwenda kiwandani. Waambieni gari la kule wafungue milango."

Nilimpa Nesi ishara kwamba tunakwenda mbele, akafumba macho kidogo, akafumbua, akaanza kumpigapiga binti mashavu na kumsemesha. "Usilale, wewe. Nikwambie ya mume wangu na mbuzi. Usilale, utacheka." Sikuweza kumsikia, lakini niliusoma mdomo wake, na niliona binti amefungua jicho moja.

Kiwanda kilionekana kwa vumbi lake jeupe. Barabara ile ilikuwa nyembamba, imepasuka pembeni, lakini ilikuwa imelala ule upande wa upepo. Upepo haukuwa usoni kabisa, ulitoka kidogo kwenye bega la Kitinda. Tukaja tena kama mbwa, pua pembeni, lakini kidogo. Nikaona anainyoosha kwa mguu. Nikaona bawa linalala. Gurudumu moja likagusa, likakaa. La pili likagusa, likakaa. La pua likashuka taratibu, kama mtu anayeketi kwenye kiti asichokiamini. Mpaka ndege inasimama alikuwa bado amelaza usukani upande wa upepo, hajauachia.

Gari lilikuwa pale, injini inawaka, milango imefunguliwa. Walimtoa binti, Nesi akaruka nyuma yake kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa mwili ule, nami nikafuata. Nilipogeuka, Kitinda alikuwa bado amekaa ndani, mikono miwili usoni.

Njia ya kwenda hospitali sitaisimulia. Walimpokea mlangoni wakaingia naye, nikabaki kwenye benchi la ukumbini na nguo zangu zilivyokuwa. Watu walikuwa wanakaa mbali nami.

Kitinda alifika mchana, juu ya lori la saruji. Shati jeupe lilikuwa kijivu, nywele kijivu, kope kijivu. Angekuwa ni siku nyingine ningecheka. Akakaa kando yangu.

"Bado wako ndani?"

"Bado."

Tukakaa. Mtu alikuwa anapiga deki, akatuomba tunyanyue miguu, tukanyanyua wote wawili kama watoto.

"Ningejaribu ya tatu," akasema.

"Nilikuona."

"Si kwa sababu ya upepo. Nilikuwa nimeshajua siwezi." Akajikuna vumbi mkononi. Zile namba alizoandika asubuhi bado zilikuwa kiganjani. "Nilikuwa nawaza nyumba. Nikisema nikimtua huyu hapa, mlangoni pa hospitali, labda..."

"Nyumba haikuwemo kwenye ndege, Kitinda."

Akainamisha kichwa. Nadhani alingoja niongeze neno jingine, la kulainisha. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimelitumia lote kule juu.

Daktari alitoka akiwa amevua kofia. Alisema mama ni mzima, ameongezewa damu, na anaongezewa nyingine. Mtoto ni mdogo sana, wa kike, yuko kwenye joto, analia. Alisema pia amefikishwa kwa kuchelewa kidogo, na kwa ajili hiyo wamelazimika kumtoa kizazi ili damu ikome. Binti yangu hatazaa tena. Kitinda aliposikia hilo akainuka akatoka nje, na mimi nikabaki nimesimama na daktari, nikimshukuru na kulia kwa wakati mmoja, sijui lipi la lipi.

Watu wa mji wetu waliposimulia walimfanya shujaa. Wanasema alipigana na upepo akaushinda. Hakuushinda. Alishindwa mara mbili, akakubali, na nusura asikubali. Mimi ndiyo naiona kazi yake hapo, si kwenye kutua kwa gurudumu moja ambako vijana wanakuigiza kwa mikono. Lakini nikisema hivyo wanadhani nina kijicho, nami sina muda wa kuwabishia.

Mjukuu sasa anatambaa. Nikianika, anakaa kwenye kapu la nguo na kuvuta vibanio. Mama yake kuna siku humtazama kwa muda mrefu, nami najua anawaza nini.

Hatujawa marafiki, mimi na Kitinda. Hajaniomba msamaha wa nyumba, nami sijampa. Yule bwana wa futi kamba ameongeza ghorofa, nikipita natazama upande mwingine. Lakini Bendera siku hizi analalamika kwamba amenyang'anywa kazi. Asubuhi zenye upepo, popote alipo, Kitinda hunipigia simu kabla hajawasha injini. Haulizi nimeamkaje.

"Dada," anasema, "leo mara mbili. Ya tatu haipo."

Namwambia, "Nimesikia."

Kisha sianiki mpaka nisikie ametua.